Tanga Lililoshonwa Gikomba

Mtu akiniuliza kama nimewahi kumiliki chombo cha uvuvi, sijui nijibu nini. Kwa watu wa ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, mimi ndiye niliyekuwa mwenye mashua. Kwa watu wa Makongeni, mtaa wetu wa mjini, mashua ilikuwa ya mama. Mama mwenyewe, nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni la nani, kisha akaendelea kupara samaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kusubiri kazi. Tuliishi katika nyumba za reli. Baba alifanya kazi karakana, mama aliuza samaki sokoni Gikomba, na watu walimwita Mama Samaki, hata kanisani. Kila baada ya muda alipanda gari la moshi kwenda ziwani, akarudi na magunia ya samaki waliobanikwa, harufu ikiingia nyumbani kabla yake.

Shida yake ilikuwa moja, na sisi wa nyumbani tuliisikia mara nyingi kuliko sala. Aliwaachia wenye mashua arbuni ya samaki wa safari ijayo. Akirudi, anakuta samaki wamekwisha pakiwa kwenye lori la mtu mwingine. Akidai, anaambiwa, "Mama, samaki hawana alama." Basi meza yake Gikomba inakaa tupu, wateja wanahamia meza ya pili, na wengine hawarudi tena.

Jioni moja akamwambia baba, "Nataka mashua yangu."

"Utaiegesha wapi?" baba akauliza. "Pale chooni?"

Lakini mama hakuwa anaomba ruhusa. Mashua ilikuwa tayari inachongwa kwa fundi wa kule ziwani, ndogo, ya watu wanne. Alikuwa akiilipia kidogo kidogo kila alipokwenda, na hakumwambia mtu. Lililobaki ni vifaa: tanga, nyavu, kamba, nanga. Hivyo alitaka kuvitengeneza huku kwetu, kwa sababu maduka ya kule yalikuwa ya hao hao wenye mashua, na hakutaka wajue mapema.

Kulikuwa na jambo jingine. Ufukweni, au bichi kama watu wa kule wanavyosema, kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Mwanamke hapandi chombo cha kuvulia. Na chombo kipya sharti kikanyagwe na mwenyewe kwanza, kabla ya mvuvi yeyote. Mama ndiye aliyekuwa mwenye chombo, na alikuwa mwanamke. Kwa hiyo alihitaji mwanamume wa nyumba yake asimame mahali pake.

"Mimi kazi yangu iko juu ya reli," baba akasema. "Reli haizami."

Wote wawili wakanigeukia.

"Sijui kuogelea," nikasema.

"Nani amekwambia uogelee? Utakanyaga tu."

Ndivyo nilivyopata mashua. Sikuelewa vizuri nilichokubali, wala sikumbuki kama nilikubali.

Wiki zilizofuata nyumba yetu haikukalika. Mama alinunua patipati kuukuu, yaani ndala za mpira, kila alipozipata, tukazikata vipande vya mviringo kwa kisu cha moto ili viwe maboya ya nyavu. Moshi wa mpira uliwatoa majirani nje. Nanga ilichomelewa Kariobangi na kijana ambaye hakuwahi kuona ziwa. Alitutengenezea kitu chenye kucha nne, kisha akauliza kama mbwa wetu ni mkubwa sana.

Tanga ndilo lililotusumbua. Fundi cherehani wa Gikomba alikuwa hodari wa suruali. Alikuwa mfupi, mfupi kweli, hata alikuwa ameikata miguu meza ya cherehani ili aifikie. Mama alimchorea tanga kwa chaki sakafuni: pembe tatu, upande mmoja mrefu kuliko mingine.

"Mama Samaki, hii inavaliwa na nani?"

"Inavaliwa na mti."

"Huo mti una kiuno?"

"Fundi, shona. Upande huu pima nne."

Pima ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nahodha ambaye mama alikuwa amezungumza naye kule ziwani ndiye aliyempa kipimo hicho. Fundi akainyoosha mikono yake juu ya kitambaa mara nne, akaweka alama. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili wa kitambaa. Hakuna aliyeona kosa.

Tanga lilipokwisha tulilitandaza kwenye nyasi kati ya nyumba ili tuone kama pindo limenyooka. Watu walisimama kutazama. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikuyu aliyekuwa na binti wa kuozwa, alilizunguka lote.

"Mama Samaki, hii hema utatukodishia bei gani?"

"Si hema. Ni tanga."

"Haya. Tanga utatukodishia bei gani?"

Vijana wenzangu wa mtaani walinipigia saluti. "Sasa, kapteni," walisema, "bahari iko upande gani, Jericho au Mbotela?" Nilicheka nao, lakini kwa kweli nami sikujua ni nini hasa nilikuwa nakwenda kufanya.

Tulisafiri kwa pasi ya reli ya baba. Tanga lilikunjwa kama godoro, nanga ikawekwa ndani ya gunia la viazi, nami nikakaa juu ya nyavu njia nzima.

Mashua ilikuwa imeegeshwa kwenye mchanga, inanukia lami na mbao mbichi. Niliiona ndogo mno kwa maneno yote yale. Nahodha alikuwa mtu mrefu, wa makamo, mwenye kofia ya sufu jua likiwaka. Alimsalimu mama kwa heshima, akamwuliza habari za safari, na baada ya hapo hakumwambia neno tena. Alinigeukia mimi.

"Mwenye mashua, karibu. Nyavu ni za mbuta au za ngege?"

Mbuta ni sangara, ngege ni sato; nyavu zao sikuzijua. Nilimtazama mama, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Za ngege," mama akasema.

Nahodha aliendelea kunitazama, akisubiri.

"Za ngege," nikasema. Kijaluo changu kilikuwa cha Makongeni, nusu yake Kiswahili, na wavuvi wawili waliokuwa wamekaa mbele ya mashua walitabasamu.

"Na kamba ya nanga ni pima ngapi?"

"Mwambie kumi," mama akasema.

"Kumi," nikasema.

"Kumi," nahodha akawaambia wenzake, kama vile hawakuwa wamesikia mara mbili.

Tuliendelea hivyo asubuhi nzima. Maneno yalitoka kwa nahodha yakapita kwangu, yakaenda kwa mama na kurudi, na sote watatu tungeweza kugusana mikono. Mwanzoni nilidhani wananidhihaki. Baadaye nilifikiri labda wanamdhihaki mama. Lakini nyuso zao zilikuwa kavu. Hivyo ndivyo mambo yalivyofanywa pale, na mwenye mashua ndiye anayeambiwa, basi.

Walipopandisha tanga, halikufika hata karibu na mwisho wa foromali. Foromali ni ule mti unaolibeba tanga, na sehemu yake nzima ilibaki uchi.

Nahodha alilitazama kwa muda mrefu. "Mwenye mashua, nani alipima?"

"Fundi wa Gikomba."

"Fundi huyo ana mikono au ana vidole tu?" Akanyoosha yake, na nikaona mabawa ya korongo. "Nilisema pima nne. Hizi ni pima za nani?"

Sikujua kwamba pima inaweza kuwa ya mtu. Mama aliangalia tanga, akaangalia mikono ya nahodha, kisha akafumba macho kidogo. Akanyoosha mkono, na kwa kuwa hakuweza kukanyaga mashua, wavuvi walilishusha tanga wakamletea mchangani. Alifungua kifurushi chake cha nguo, akatoa shuka la kitanda chetu, akaanza kushonea kipande kwa sindano ya magunia. Alishona hadi kiza kilipoingia, akamaliza kesho yake. Shuka lilikuwa na maua mekundu.

Kisha nikakanyaga mashua. Nahodha alinielekeza mguu wa kulia, nikatanguliza wa kushoto, akanirudisha nishuke na kuanza upya. Nilikaa katikati nimeshika mbao pande zote mbili, wakaisukuma hadi maji ya kifua, wakanirudisha. Nilipogeuka kumtazama mama, alikuwa ameketi juu ya gunia, amenipa mgongo. Sikujua kama amekasirika au anatazama barabara ya malori.

Wavuvi walitoka jioni hiyo, wakarudi asubuhi. Samaki hawakuwa wengi, lakini walikuwa wazuri, ngege wanene, wakamwagwa mchangani miguuni pangu. Wanunuzi wakaja. Mwenye lori mmoja alikuwa hapo pia, yule yule ambaye samaki wa mama walikuwa wakiishia kwake, amevaa viatu vya ngozi mchangani. Nikaelewa, angalau hilo, kwamba jambo lote lilikuwa limefika mahali pake. Samaki wa mashua hii wakienda kwenye lori lile, mama alikuwa amejichosha bure.

Nilitaka kusema tu, "Mama, chukua." Lakini mama alikuja mbele, akainama, akamgeuza ngege mmoja akamtazama mashavu, kama mteja.

"Mwenye mashua," akaniambia, "hawa wote mia mbili."

Aliniita hivyo mama yangu mzazi, mbele ya watu. Nahodha akaja karibu na sikio langu. "Omera, ndugu yangu, usikubali. Huyu mama ni mkali wa bei, namjua. Lori litatoa zaidi. Pandisha bei."

Sasa ningefanya nini? Tangu utoto nilikaa nyuma ya mama akinunua, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia kushusha bei. Muuzaji akisema mia, mimi naguna na kusema samaki wamelala. Mwili ulikuwa umezoea upande mmoja. Niliangalia lundo lile, nikakunja uso.

"Mia na hamsini," nikasema. "Wamelala hawa."

Mvuvi mmoja akaketi kwenye mchanga akicheka, na wanawake wanunuzi wakashikana mabega. Mwenye lori alitazama viatu vyake. Nahodha alivua kofia yake ya sufu, akajipangusa uso, akaivaa tena.

"Mwenye mashua amepunguza bei ya samaki wake mwenyewe," akasema polepole, kana kwamba anajaribu kama maneno hayo yanaweza kukaa pamoja.

Mama alikuwa tayari anatoa pesa kifuani. Alinilipa mia na hamsini mkononi, bila kucheka, akaanza kupakia gunia.

Nahodha alinitazama mara moja zaidi. Nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kuniuliza, akakikosa. Akanipita. Akaenda kusimama mbele ya mama, na kwa mara ya kwanza tangu tufike akamwuliza jambo la mashua.

"Mama, leo jioni tukatege wapi? Kwenye matete au kina?"

"Kina," mama akasema, bila kuinua kichwa. "Na mrudi kabla ya lori."

"Haya, mama."

Tuliondoka siku hiyo hiyo na gunia moja. Ndani ya gari la moshi nilimpa zile shilingi, akazipokea bila kuzihesabu, akazirudisha kifuani. Nilitaka kumwuliza kama yeye na baba walinichagua kwa sababu walijua nitafanya vile, au kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Sikupata namna ya kuanza.

"Umefanya vizuri," akasema yeye.

"Nimefanya nini?"

Akaniambia nifunge dirisha, vumbi linaingia kwenye samaki.