Mchumba Wangu Anaomba Udaktari kwa Sauti ya Bibi Yangu

Admini, nifichie jina. La mchumba wangu ningependa ulitangaze, lakini nalo lifiche, maana ni mtoto wa ami yangu na aibu yake inanifikia.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Mawaleh hapa Maskati, na sisi ni Waarabu tuliorudi Omani kutoka Tabora. Nyumbani tunasema Kiswahili. Yeye hasemi. Akija kula kwetu hukiita lugha ya jikoni, hujibu kwa Kiarabu hata akiulizwa kama anataka chumvi.

Mwaka jana chuo kimoja cha Ulaya kilitangaza nafasi za utafiti wa udaktari, yaani PhD, fani chungu nzima: sheria, samaki, majengo, biashara, lugha. Mimi nilikuwa na jambo langu tayari. Miaka miwili nilikuwa nakaa na bibi yangu kila Ijumaa baada ya chakula, namrekodi jinsi wanawake waliorudi kutoka Tabora wanavyozungumza wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Baba akasema siendi peke yangu, niolewe kwanza. Nikakubali, nikachumbiwa na huyu. Mchumba akasema, "Nipe nipitie Kiingereza chako, mimi maombi haya nishayazoea, nitakutumia huko chuoni." Nikampa kila kitu, andiko langu la utafiti na sauti za Bibi. Baada ya wiki tatu akaniambia nafasi zimefutwa. Nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Jamani, nafasi ya biashara, aliyoisomea miaka minne, ilikuwemo. Hakuigusa, alijua hana la kusema. Aliomba ya lugha, kwa andiko langu na jina lake.

Nimejuaje? Kaja mwenyewe. Juzi kaingia na sahani ya halua, kakaa sebuleni kwetu. "Wameniita mahojiano kwa kompyuta, Alhamisi ijayo," akasema kwa Kiarabu chake. "Profesa mmoja anasema Kiswahili. Nifundishe kidogo, yaani, kama anavyosema Bibi." Wezi nimewasikia wengi, lakini anayemrudia mwenye mali kuuliza inatumikaje, huyu ni wa kwanza.

Nikamuuliza alifanya hivyo kwa nini. "Mimi na wewe mamoja, habibti. Tutafunga nikaha, tutakwenda sote, utaandika wewe. Jina tu ndilo langu." Hakuona hata haya. Alikuwa anatafuna ile halua aliyoileta mwenyewe, karibu aimalize.

Nikamwendea baba nikidhani atawaka. Akanambia, "Mfundishe, mwanangu. Ulitaka kwenda, si ndo unakwenda? Ukivunja uchumba kwa sababu ya makaratasi, usiniite baba."

Barua ya kukieleza chuo ukweli nimeshaiandika. Rekodi za asili ninazo zote. Nikiituma, nampoteza baba, na hilo linaniuma mno. Mchumba sitamkumbuka hata dakika moja. Nisipoituma, nitakwenda Ulaya kumpikia na kumwandikia mtu mvivu, kisha nimwite daktari mbele ya watu.

Bibi hajui lolote. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananiuliza, "Hao Wazungu washanisikia?" Namjibu bado.

Nishaurini ndugu zangu, niitume barua au niichane? Nijibuni upesi, maana leo saa kumi anakuja kwa somo la tatu, na mimi, Mungu anisamehe, mawili nimeshampa.