Vanila ya Ngoie Katika Maji Baridi

Kwa miaka ishirini nilikana jambo moja, na leo nalikiri: mmenyuko wangu wa kikemia sikuwahi kuujaribu katika maji. Tasnifu yangu ilihusu kuunganisha fenoli mbilimbili kwa kuzioksidisha, na niliandika kwa kujiamini kwamba ni lazima kutumia kiyeyushi chenye klorini, kile kinachoumiza kichwa na ini. Ukweli ni kwamba chupa yake ilikuwa karibu na mkono.

Mwaka huu Ngoie, mdogo wangu wa chuoni, sasa mwalimu wa kemia Kamina, aliniandikia kwamba anafanya vilevile kwa maji, vanila ya unga ya waoka mikate, maji ya oksijeni ya famasi, yale ya kuoshea vidonda, na juisi ya viazi vitamu. Mkuu wa shule alitaka kwanza saini yangu ya kuruhusu jaribio, kwa kuwa tasnifu yangu ilisema maji hayafai. Bila hiyo, darasa la mwisho lingemaliza mwaka bila jaribio hata moja. Nilipanda treni Lubumbashi nikiwa tayari kukataa.

Njiani, stesheni ya Luena, tulisimama nusu siku. Nilinunua ndizi, nikatunga barua ya kukataa. Ilikuwa nzuri sana.

Kamina, asubuhi ya kwanza, Ngoie alisaga viazi, akakamua, akachanganya. Tulingoja hadi mchana. Hakuna kilichotokea.

"Yaya, unacheka," alisema Ngoie; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Sicheki."

"Meno iko inje!"

Kisha akaliona birika, akapiga kelele. Kwa kumheshimu mgeni alikuwa amechemsha maji yote ya nyumba, na viazi akavisagia katika maji ya moto. Kimeng'enya cha kiazi, ambacho ndicho kinachofanya kazi yote, kilikuwa kimeiva.

"Mi njo nimekiua! Sababu ya tumbo yako ya Lubumbashi!"

Asubuhi ya pili tulitumia maji baridi. Kabla hatujamaliza chai, unga mweupe ulikuwa unatua chini ya glasi. Nikasema huenda ni vanila ileile tu. Ngoie akanifungia kidogo katika karatasi.

"Basi beba, yaya. Uulize mashine ya maabara yenu."

Njiani kurudi barua yangu sikuisoma tena. Nilichokiita kanuni miaka yote ile kilikuwa uvivu wenye tanbihi.

Siku tatu baada ya kufika Lubumbashi, fundi wa maabara alinipigia simu.

"Madame, vanila ingeyeyuka hata maji hayajachemka. Hii nimeipeleka mpaka digrii mia tatu, iko inakatala kuyeyuka. Njo ile yako ya tasnifu ya zamani. Niandike ni ya nani?"

"Ya Ngoie," nikasema, huku nikitafuta kalamu ya kusaini.