Sikio la Paskazia

Davis wa studio, pale Geita mjini, alimtengenezea Mzee Ngusa mke mwingine. Mweupe, meno yamepangika, kope ndefu.

"Huyu nani?"

"Ndiye mama huyo, mzee wangu. Picha yako ilikuwa giza tupu, kompyuta ikamalizia."

"Basi mtafutie mume. Wangu siye."

Wateja wakacheka. Ngusa hakucheka. Akachukua picha yake akaondoka.

Picha yenyewe ilikuwa hiyo moja. Marehemu mkewe, Paskazia, alikuwa akinunua dagaa Nkome na kuwauza vijijini. Siku moja mchuuzi mwenzake akampiga picha kwa simu, ziwa likimetameta kwa jua nyuma yake. Maji yalitoka vizuri. Yeye alitoka mweusi kama sufuria ya kuni. Kadi yake ya kura nayo ililowa mvua, sura ikafutika. Ngusa hakuwahi kuona haja ya picha. Mtu mwenyewe alikuwa jikoni. Sasa kaburi limejengwa, fundi Charles ameacha nafasi ya picha msalabani, na Jumamosi ukoo mzima unakuja. Wajukuu wengine hawakumwona bibi yao kabisa.

Nyumbani alimkuta binti yake, Apolonia, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kaburi. Alifanya kazi Chile, kwenye mlima mkavu wenye darubini ambayo kioo chake ni kipana kuliko nyumba yao. Kazi yao ni kupiga picha sayari za nyota za mbali. Jana yake alimwonyesha baba yake picha moja: kinukta kando ya duara jeusi. Duara ndipo nyota ilipo, alisema, wameiziba. Isipozibwa mwanga wake unameza kila kitu.

Ngusa akaweka picha yake juu ya kompyuta ya binti.

"Ziba ziwa."

"Unasemaje, baba?"

"Nyota unaiziba, unamwona mtoto wake kando. Hili ni ziwa tu, hapo Nkome. Lizibe nimwone mama yako."

"Kuziba ni kabla ya kupiga, baba. Halafu nyota tunaipiga picha mamia kwa usiku mmoja. Anga likizunguka, sayari inahama kwenye picha, mabaki ya mwanga wa nyota yanabaki palepale. Tunalinganisha, tunayaondoa. Mama, mayu wangu, alipigwa mara moja tu. Nitamlinganisha na nini?"

"Ng'ombe wangu niliowauza usome wameishia kwenye hiyo darubini. Wa mbali huko mnawaona. Wa nyumbani haonekani."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Apolonia akajaribu hata hivyo. Chai ikapoa mezani. Giza likapungua, zikajaa chembechembe kama mchanga. Ukatokea ukingo wa kilemba. Chini yake, sikio.

"Endelea."

"Nikiendelea nitakuwa nachora. Kama Davis."

"Na hizo sayari hamchori?"

"Hatuchori. Ikitoka nukta, ni nukta."

Mzee akafyonya. Aliikasirikia darubini, akalikasirikia ziwa, akamkasirikia yule mchuuzi aliyemsimamisha mke wake upande mbaya wa jua. Alitaka kumkasirikia na binti, lakini binti alikuwa akilia, na sikio lake lilikuwa lilelile. Akatoka nje.

Picha ikachapwa kwenye kigae hivyohivyo. Ijumaa asubuhi fundi Charles akakipokea, akakifuta kwa shati.

"Mzee, hapa hakuna mtu."

"Yupo."

"Wapi?"

"Hilo ni sikio."

Charles akakisogeza juani. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Haya. Lakini juu ni wapi?"

Ngusa akamnyang'anya kigae, akakibandika mwenyewe kwenye saruji mbichi, akakikandamiza mpaka mkono ukafa ganzi.