Askari Tuliyemwahidi Kumwombea

Nyumbani kwetu Malaba hatukuruhusu sala za kukariri. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na nilijivunia sana. Majirani waliwafundisha watoto wao maneno manne ya kubariki chakula, basi. Mimi nilitaka wanangu wawili wa kiume wazungumze na Mungu kama watu wenye akili. Kila Jumapili, kabla ya chakula cha mchana, mmoja wao alifumba macho na kusema yaliyo moyoni, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza.

Wavulana waligundua upesi kwamba wamepewa mahakama isiyo na rufaa. "Mungu, gusa moyo wa mtu aliyekula nyama yangu jana," aliomba mkubwa, na mdogo, macho yakiwa yamefumbwa, alisikika akimeza mate. Mke wangu naye hakubaki nyuma. Alimsihi Mungu awakumbushe wanaume wa nyumba hii kwamba viatu havilali sebuleni. Mimi nilikuwa nacheka tu, kwa sababu mambo yangu yalikuwa safi, au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka ambao mdogo alitimiza miaka minane, kanisa lilinipendekeza niwe mzee. Nilikitamani cheo hicho kuliko nilivyokubali kusema. Nilikuwa nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, nikikaa nyuma huku watu niliowazidi kuijua Biblia wakikaa mbele. Kwa desturi yetu, wazee hawampitishi mtu kabla ya kufika nyumbani kwake kunywa chai na kuona anavyolea watoto. Watoto hutakiwa kuomba mbele yao. Kwa hilo sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Chai ya wageni inataka sukari, na ya Uganda ilikuwa nafuu. Ijumaa nilivuka mpaka na baiskeli kwa njia ya mtoni, ile ambayo watu wa forodha hawana meza, nikarudi na nusu gunia kwenye keria, maana mtu havuki kwa ajili ya kilo mbili. Mdogo alikaa juu yake. Tulipotokea barabarani, askari akatusimamisha.

"Mwalimu, hapo kwa gunia umebeba nini?"

"Mahindi ya mavuno, afande. Ya kanisa."

Jibu lilitoka laini, tena kama lililovaa suti. Askari alivua kofia. Alitusukumia baiskeli mpaka juu ya kilima, jasho likimtiririka, akasema, "Mniombee na mimi. Mama yangu ako mgonjwa sana huko Butula." Nikamwahidi kwa uso wa mtumishi wa Mungu.

Jumapili mchana wazee watatu walikuwa sebuleni kwangu, vikombe mkononi. Mdogo aliitwa aombe. Akasimama wima, akafumba macho.

"Mungu, asante kwa sukari hii, ile baba aliambia afande ni mahindi yako. Na uponye mama ya afande, juu baba aliahidi kuomba na bado hajaomba. Amina."

Amina ya wazee ilichelewa. Nilitamani sakafu inimeze na kiti changu. Kisha mzee aliyewazidi wote umri akakohoa, akanyoosha kikombe. "Mama, niongezee kidogo. Chai iko sawa." Wakati wa kuondoka alinishika mkono pale langoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo njia ya mtoni, mvua haijaharibu?"

Mwezi uliofuata nilikaa benchi la mbele.

Lakini siku ileile, wageni walipoondoka tu, nilimwita mdogo nyuma ya nyumba. Sikumpiga. Nilimweleza kwa upole kwamba mambo mengine mtu humwambia Mungu kimoyomoyo.

"Kwani nikisema kwa sauti hasikii?"

"Anasikia. Shida ni hao wengine."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanafunzi mwepesi.

Sasa ana miaka kumi na saba, na kanisa zima linamsifu kwa maombi. Anaombea viongozi, anaombea mvua, anaombea wagonjwa kwa ujumla. Mama mmoja wa kwaya aliniambia, "Mwalimu, huyu kijana ni wewe kabisa," nikamshukuru, na siku nzima sikuwa na raha. Mara nyingi nimevuka tena kwa njia ile, na kila Jumapili mezani namsubiri anishtaki. Hanishtaki. Sijui tena moyoni mwake mna nini, na aliyemfundisha kunyamaza ni mimi. Inaniuma.

Jumapili iliyopita nilimwomba anipe zamu yake. Nilifumba macho, nikamwombea yule askari na mama yake wa Butula, kwa sauti, miaka tisa baada ya ahadi. Nilipofumbua macho, kijana wangu alikuwa ananisogezea bakuli la mboga.

"Askari gani, baba?" akaniuliza kwa adabu.