Sanduku la Chini ya Toroli

Ewesit ni fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Wabera, na watu wanajua kwamba hawashi mashine yake kabla hajauliza chuma kinaenda kufanya nini. Hakuzaliwa hivyo. Miaka sita iliyopita mteja mmoja alimletea pikapu, akataka kisanduku chini ya kiti. Cha spana, alisema. Baada ya miezi minne polisi wakakuta risasi ndani yake. Kwa kuwa ndiye aliyekitengeneza, Ewesit alilala seli siku kumi na moja, mpaka mwenye gari alipokamatwa na kusema ukweli.

Basi mwalimu Gacheri alipomjia na Tiya, kapteni wa timu ya roboti ya shule ya wasichana, aliutazama mchoro wao kwa muda mrefu. Walitaka toroli: meza ya kufanyia kazi yenye magurudumu manne, droo mbili na soketi za umeme pembeni, ili timu iweze kuhama na vifaa vyake kutoka darasa hadi darasa, na hata kwenda nayo mashindanoni. Hapo hakuwa na neno. Lakini chini kulichorwa sanduku refu la kufuli, lililozibwa pande zote.

"Humu kutakaa nini?"

Tiya akamtazama mwalimu wake. "Vifaa, mzee."

"Vifaa gani?"

"Hatuwezi kusema."

Walipoondoka, Ewesit aliupima ule urefu. Bunduki iliyokunjwa kitako ingelala humo vizuri kabisa.

Toroli aliitengeneza, akaipaka rangi ya buluu, ila sanduku hakulitia sakafu. Tiya alipokuja kuikagua alifungua mfuniko wa sanduku, akaingiza mkono kwa juu, ukatokea chini.

"Mzee, hii ni nini sasa?"

"Nionyeshe kitu chenyewe, nitaweka sakafu."

Msichana akarudi nyuma hatua moja. "Nani amekutuma? Mwaka jana kuna shule iliiba mpango wetu, ikatushinda nao. Ni hao?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," akasema Ewesit.

Ilibidi Gacheri aamue. Kesho yake mchana Ewesit aliingizwa maabara ya shule, simu yake ikabaki kwa mwalimu, mlango ukafungwa. Tiya akafunua shuka lililofunika kitu mezani. Ulikuwa mkono wa roboti, wa alumini, uliotengenezwa kwa fremu za madirisha, umekunjwa kwenye kiwiko. Ewesit aliukagua kiungo kwa kiungo, akachungulia ndani ya kila bomba, hata akaunusa.

"Uwashe."

Mkono ukanyooka, ukatetemeka, ukaokota kopo la maziwa, ukaliangusha.

"Bado unajifunza," Tiya akasema kwa aibu.

"Beringi ya kiwiko imekaa upande. Na yale magurudumu madogo mliyotaka, kwa changarawe ya huku, yatautikisa mpaka ulegee."

Akaweka sakafu, akatia magurudumu ya upepo kama ya wilbaro. Hata hivyo hakuiachilia toroli mpaka Gacheri alipoandika kwenye karatasi kitakachobebwa sandukuni, akapiga muhuri wa shule.

Mkewe Nakal, aliyempelekea chai kituo cha polisi kila asubuhi alipokuwa seli, aliisoma ile karatasi akacheka.

"Sasa unaogopa wasichana wa shule?"

"Siogopi wasichana. Naogopa masanduku."

Timu ilitoka ya nne kwenye mashindano huko Meru, na mkono haukulegea. Karatasi Ewesit anatembea nayo mfukoni mwa shati. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo, na Nakal akitaka kufua humwambia aitoe kwanza.