Mawe ya Redio

Nyumbani kwetu Malindi, miaka ya themanini, redio ilikuwa moja na wenye masikio mabovu walikuwa wawili: mama na mdogo wangu wa kike. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Taarabu ya mama ilinitia kinyaa. Fidla zinalia robo saa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mdogo wangu, wa kidato cha pili, alipenda disko, na disko ni fundi wa mabati aliyepewa umeme. Mimi wa rumba nilijiona ndiye pekee ninayejua muziki. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kazi ya kulinda mkeka.

"Mwanamume kukaa ndani kama mwali," mama alizoea kunitania. "Tukutie hina lini?"

Mwezi ule mama alikuwa ametuma kadi ya salamu redioni, amwombee wimbo dada yake wa Watamu. Walikuwa wamenuniana tangu Idi, kwa sababu ya sahani ya biriani isiyopelekwa, na hakuna aliyekubali kuanza kusema. Wimbo ungemsemea. Kila Ijumaa alasiri akakaa mbele ya redio kungoja jina lake.

Alhamisi moja mama na mdogo wangu wakaenda matangani Ganda. Nikasingizia tumbo, nikasikiliza rumba tangu asubuhi mpaka mwimbaji akawa kama anaimbia ndani ya pipa. Mawe ya redio, betri zake, yalikuwa yamekwisha. Nikayaanika juani yapate nguvu, kama tulivyofanya sote.

Ijumaa, kipindi kikikaribia, nikayakuta yamevuja uji mweusi. Nikayapangusa, nikayagusa kwa ulimi kupima kama bado yanauma. Ladha ile ningali nayo: chumvi, kutu, na kitu kilichofia ukutani. Nikayarudisha kimya kimya.

Jina la mama likasomwa. Fidla zikaanza. Redio ikakoroma, ikazimika.

Mama akamgeukia mdogo wangu. "Ni wewe na disko lako."

Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi hawana haya."

Mdogo wangu alinitazama mdomoni. "Mama, hebu mwambie kaka atoe ulimi."

Nikautoa, mweusi kama ule uji. Mama akautazama, kisha akaitazama redio.

"Kumbe rumba," akasema, kama mtu aliyekuta mende kwenye chai. Akachukua buibui lake. "Nakwenda Watamu kumuuliza dada yangu wimbo wangu uliishaje. Wewe kaa. Kukaa unakujua."