Maji ya Bagamoyo Katika Chupa ya Peremende

Mimi sikuipenda Mbeya, na sikuficha. Nilipelekwa huko miaka ya hamsini, bibi harusi kutoka Bagamoyo, nikakuta mji unaoamka na ukungu na watu wanaovaa makoti mchana kweupe. Mume wangu alikuwa na duka dogo karibu na soko, akiuza sukari, mafuta ya taa na peremende. Wazee wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hukohuko Mbeya, na Kiswahili chake kilinichekesha mpaka nikamwonea huruma. Wiki ya kwanza tu nilimwambia wazi, "Baridi yako ikinishinda, narudi kwetu." Akaendelea kupima sukari. Alikuwa mtu wa kimya, na kimya chake kiliniudhi kuliko ugomvi.

Nilikwenda na samaki. Bahari ilipokupwa, kaka yangu alinikamatia samaki mmoja wa madoadoa kwenye dimbwi la miambani, urefu wake kama kidole, tukamtia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Debe jingine la maji hayohayo nililifunika vizuri liwe akiba. Lori lilipopanda milima kabla ya kufika Iringa niliipakata ndoo, maji yakinirukia kifuani, na dereva akaniuliza kama nimeambiwa Mbeya hakuna kitoweo. Mume wangu alipomwona yule samaki hakucheka. Alimwaga peremende zote kutoka kwenye chupa yake pana ya kioo, akaiosha, akanipa.

Nilidhani samaki anaona baridi kama mimi. Nikaiweka chupa dirishani apate jua, na kila nilipokula nikamtupia chembe za wali na kiini cha yai. Haukupita muda, kioo kikaota utando wa kijani, mzito, wenye kuteleza, na samaki akawa haonekani vizuri. Mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akituletea maziwa alichungulia, akakunja pua. "Maji imeoza hii, mama. Mwaga, weka ya mtoni." Nusura nimfukuze. Maji ya mtoni yangemuua samaki wangu siku hiyohiyo, na ya bahari ningeyapata wapi kule milimani?

Mume wangu ndiye aliyegundua. Aliitazama chupa kwa muda mrefu, akaizungusha, akaitazama tena. "Upande ya dirisha kijani ni mingi," akasema. "Upande ya ukuta kidogo tu. Hii kitu inapenda jua." Akaihamishia nyuma ya mlango, penye mwanga hafifu, akaniomba nipunguze chakula, maana mabaki yaliyooza chini ndiyo yaliyokuwa yakiunenepesha ule utando. Kisha akafunga kipande cha dodoki kwenye kijiti, dodoki jipya ambalo halijaguswa na sabuni, akawa anasugua kioo kila asubuhi baada ya swala. Uchafu uliobanduka aliuchota kwa kata, akajazia maji kidogo kutoka kwenye debe la akiba. Kwa kata hiyohiyo aliyainua maji na kuyamimina tena kutoka juu, samaki apate hewa.

Siku moja aliona maji yamepungua kwa kukauka, akaja na konzi ya chumvi ya dukani. Nilimpigia kelele: chumvi haikauki, kinachokauka ni maji! Akacheka, akaongeza maji ya mvua, akanisubiri nionje kwa ncha ya ulimi niseme kama yamefanana na ya kwetu. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ila sikumwambia. Ningeanzia wapi, na kila siku nilikuwa nikimlalamikia mji wake?

Mimba ya kwanza, kwa desturi yetu, mtu huenda kujifungulia kwa mama yake. Nikaenda Bagamoyo, nikapata mtoto wa kike. Mama alimpakata mjukuu wake, akaapa kwamba hatamwachia akafe kwa baridi. Alisema hivyo asubuhi na jioni, na mimi nilishawishika upesi, nisidanganye. Nilikuwa na jua, nilikuwa na mashoga zangu. Tukapatana kaka anisindikize Mbeya, nichukue sanduku langu, nimwambie mume wangu kwamba akitaka mke ahamishie duka pwani. Tulipolala Iringa, kaka alinifunda. "Usimung'unye maneno. Mwambie palepale mlangoni, kabla hujakaa."

Tulifika asubuhi. Lori lilikuwa lishushe mzigo na kugeuza siku hiyohiyo, kwa hiyo kaka alibaki barabarani na dereva, mimi nikapita uani na mtoto mgongoni. Nikamkuta mume wangu amechuchumaa nyuma ya mlango, mkono wa kanzu ameukunja, anasugua kioo. Chupa ilikuwa inang'aa, maji meupe, hakuna hata doa la kijani. Nikamtafuta samaki. Hakuwamo.

"Samaki yuko wapi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yangu.

Alisimama kwa mshtuko, dodoki likimchuruzikia kanzu. Hakujua amtazame mtoto au anitazame mimi. "Ilikufa," akasema. "Zamani. Wewe ulikuwa bado hujajifungua."

"Sasa unasugua nini?"

Akainamisha kichwa. "Ni maji ya kwenu. Niliogopa, ikichafuka, ukirudi utasema hapa hakuna kitu yako."

Nililia. Maneno niliyoyapanga tangu Iringa sikuliona hata moja. Nilimfungua mtoto mgongoni nikampa baba yake, naye akampokea kwa mikono iliyolowa, na mtoto akapiga ukelele kwa ule ubaridi. Akataka kunirudishia. Nikamwambia amshike hivyohivyo, atazoea.

Kaka akaita kutoka nje kwamba dereva ana haraka, sanduku liko wapi apakie?

"Liko nyumbani kwangu," nikamjibu. "Liacheni."